Wembe na Kijiti cha Kiberiti

Siku Donatus alipomng'oa Silvesta meno mawili ya mbele, wachimbaji wa kilima cha Nyangwiza walicheka. Tusifichane, walicheka hadi wengine wakashika mbavu. Mtu mzima wa miaka arobaini na minne amesimama kwenye mdomo wa shimo, mikono ameitanua kama anayezuia ng'ombe wasiingie shambani, anawaambia wanaume wenye njaa wasishuke kuchimba dhahabu kwa sababu tope limepasuka. Tope! Ngumi ya Donatus ilimpata mdomoni akaenda chini chali, damu ikamjaa kidevuni, na meno yake yakabaki mchangani hadi kuku mmoja alipokuja kuyadonoa akayaacha.

"Nitolee mkosi wako hapa," Donatus alisema, akikung'uta mkono uliokuwa ukimuuma. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu. "Jana tumeona rangi ya mali kwa mara ya kwanza tangu Januari. Leo wewe unaniletea habari za tope."

"Bosi, juzi wembe ulipita," Silvesta alisema huku akitema damu. "Leo asubuhi kimepita kijiti cha kiberiti. Ukuta wa kushoto unakuja. Wape siku mbili tu, bosi, nikaongeze matimba."

Donatus alimpiga teke la mbavu. Kisha watu saba wakashika kamba wakaanza kushuka, mmoja mmoja, tochi zimefungwa vichwani kwa mipira ya baiskeli. Wa mwisho alikuwa Marselino, mcheshi wa kilima kizima, ambaye aliinama akampigapiga Silvesta begani.

"Pole, Profesa Tope. Leo utakula uji tu."

Wakacheka tena. Ilikuwa saa tatu asubuhi, Machi ya mwaka 1984.

Lazima lielezwe hilo tope, maana ndilo lililokuja kumuua. Silvesta alikuwa fundi wa matimba, yaani zile nguzo za miti zinazozuia kuta za shimo zisibomoke. Kila alipomaliza kuweka nguzo alitafuta ufa ukutani, akakandika juu yake kipande cha udongo wa kichuguu uliochanganywa na mavi ya ng'ombe na majivu, chembamba kama chapati, upande huu hadi upande ule wa ufa. Kikikauka alikichora tarehe kwa msumari. Mwamba unaposogea, hata usogee kidogo kiasi gani, jicho la mtu halioni. Lakini tope kavu halivumilii. Linapasuka. Silvesta alikuwa amepima miaka sita, katika mashimo yaliyotelekezwa na yanayochimbwa, na alikuwa ameshuhudia kuta thelathini na moja zikianguka. Mpasuko unaopitisha wembe, weka nguzo. Unaopitisha kijiti cha kiberiti, kimbia. Ilikuwa kanuni yake, na alitaka iitwe kwa jina lake, kwa sababu darasa la nne pale misheni mwalimu aliwaambia kwamba kila kanuni ina mwenyewe.

Hakuipata kanuni hiyo kwenye kitabu. Aliipata kwenye damu. Akiwa na miaka kumi na tisa aliajiriwa kubeba nguzo katika mgodi mmoja wa Wazungu upande wa Geita, na mwezi wake wa pili pale paa lilishuka juu ya fundi aliyekuwa akimfundisha kazi. Silvesta alikuwa hatua mbili nyuma yake. Alivuta mguu uliokuwa umejitokeza, akavuta kwa nguvu zake zote, na mguu ukaja peke yake. Msimamizi aliandika kwamba ni ajali. Padri alisema ni mapenzi ya Mungu. Mama wa marehemu alisema ni jirani yake mchawi, na wiki iliyofuata jirani huyo, bibi kizee wa watu, alikutwa kisimani amekatwakatwa mapanga. Silvesta alikasirika hadi akaugua. Vifo viwili, na katika watu wote hao hapakuwa na hata mmoja aliyeuliza ukuta ulikuwa ukifanya nini siku ya kabla.

Mgodi ulifungwa, akaoa, akalima pamba huko Ushirombo. Ni mke wake, Mektilda, aliyempa jibu bila kujua. Alikuwa akikandika kihenge cha mtama, akanung'unika kwamba tope lake linapasuka kila siku pale pale, basi bila shaka nguzo ya chini inazama. Walichimba wakakuta nguzo imeliwa na mchwa. Silvesta alikaa chini palepale akilitazama tope lililopasuka mpaka mke wake akadhani amepatwa na homa. Wachimbaji wadogo walipoanza kumiminika Nyangwiza akawafuata, na familia nzima ikahamia kilimani.

Kitu kimoja tu ndicho alichokikosa: muhuri. Wenye maduara hawakumsikiliza fundi aliyevaa kaptula yenye viraka. Lakini karatasi ya serikali yenye muhuri ikisema "tope likipitisha kijiti, shimo lifungwe," nani angebisha? Basi mwaka mmoja kabla ya ngumi ile alifunga madaftari yake manne kwenye mfuko wa unga, akapanda lori hadi Isaka, akadandia treni hadi Shinyanga mjini, akafikia kwa binamu yake Ngokolo. Akapiga pasi shati. Siku ya kwanza ofisini aliambiwa aje kesho. Siku ya pili alikaa kwenye benchi hadi wafagiaji walipokuja. Siku ya tatu aliingia.

Ofisa alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na tano, suti ya Kaunda imekaa vizuri, kalamu tatu mfukoni. Alifunua daftari la kwanza kwa kidole kimoja.

"Ndugu, una cheti gani?"

"Cheti cha darasa la nne, mzee."

"Sasa nani amekufundisha jiolojia?"

"Mwamba, mzee."

Ofisa alitabasamu, akafunga daftari. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Silvesta kuliko tusi, kwamba kanuni hazitungwi na kila mtu, kwamba kuna wataalamu, kwamba serikali ina taratibu zake. Silvesta akaona ufa. Ulikuwa ukutani nyuma ya ofisa, unashuka kutoka kwenye dari hadi karibu na kabati, na yeye tope alikuwa nalo kwenye mkebe. Alisimama bila kuomba ruhusa, akazunguka meza, akakandika.

"Mzee, kiache hiki wiki mbili tu. Kisha utakuja kuniambia."

Ofisa alipiga kelele kama aliyeona nyoka. Mlinzi akaingia na rungu. Kwa kosa la kupaka mavi ya ng'ombe kwenye ukuta wa serikali, Silvesta alipigwa kutoka meza ya ofisa hadi barabarani, na rungu la mwisho lilimvunja mfupa wa bega. Madaftari yalirushwa nyuma yake. Aliyaokota kwa mkono mmoja, akihesabu yasipungue, na mfupa ulipounga uliunga vibaya. Tangu hapo bega la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto.

Sasa turudi kwenye duara la Donatus. Ukuta wa kushoto ulianguka saa tisa mchana. Ardhi ilitikisika mara moja tu chini ya miguu, kisha vumbi likatoka kwenye mdomo wa shimo kwa kasi na kwa muda mrefu, na ndani ya vumbi hilo ilisikika sauti ya mtu mmoja akimwita mama yake kwa Kisukuma. Ikakatika. Kilima kizima kilikimbia na majembe, sululu na mikono mitupu. Silvesta alichimba na wenzake, mdomo umevimba, kucha zinang'oka. Wa kwanza kutolewa hakuwa na uso. Wa tatu alikuwa hai, akatazama jua, akafa. Marselino walimkuta amekaa, amekumbatia magoti, mtalimbo wake mwenyewe umemtoboa shingo. Kaka yake, Mabula, ndiye aliyemfikia. Mabula alikuwa mtemi, yaani kiongozi, wa sungusungu, walinzi wa jadi wa pale kilimani, mtu mkubwa, mkimya, aliyeheshimiwa hata na wezi, na hakulia. Aliuchomoa mtalimbo polepole kana kwamba Marselino bado angeweza kuumia.

Kando ya maiti, kwenye kipande cha mwamba kilichobomoka, Mabula aliona tope kavu limechanika katikati, limechorwa alama kwa msumari. Akalibandua, akalitia mfukoni. Baadaye akakuta jingine. Na jingine.

Silvesta hakuona hilo. Yeye jioni ile, wakati wanawake wanaanza kuomboleza, alikuwa ameteremka duara la jirani, la mtu aitwaye Kamili, hatua sitini kutoka lile lililoanguka. Mtikisiko ulikuwa umefika huko pia. Alitoa wembe wake kwenye karatasi, akaupitisha kwenye mpasuko wa tope, ukapita bila kugusa. Alimwambia Kamili. Kamili akamjibu kwamba watu wamekufa, si wakati wa upuuzi, na kwamba yeye hawezi kusimamisha kazi kwa shimo la mwenzake. Alfajiri aliteremsha watu tisa.

Filimbi za sungusungu zililia saa mbili asubuhi. Walimkuta Silvesta mlangoni pake anafunga kamba za viatu, anataka kwenda kupima tena. Walimbeba mzobemzobe hadi uwanjani katikati ya maduara, wakamfunga kwenye nguzo aliyoikata yeye mwenyewe wiki iliyopita, na kabla hawajauliza chochote wakamchapa viboko vya ngozi ya kiboko hadi shati likaingia kwenye nyama. Alilia, ndiyo. Ukichapwa hivyo hata wewe utalia.

Mabula aliinua mkono. Akatoa mfukoni vipande vitatu vya tope, akavionyesha watu.

"Hivi ni vyako?"

"Ni vyangu."

"Umeviweka wewe ndani ya duara, mahali mdogo wangu alipofia?"

"Nimeviweka mimi. Ni vya kupimia, mtemi. Ukuta ukisogea..."

"Na jana asubuhi ulisema watakufa. Ulisema kabla. Watu wote walikusikia."

"Ndiyo, lakini..."

Donatus alipenya mbele, macho mekundu kwa pombe na woga. Alijua watu saba walikuwa wake, na alijua kilima kingetafuta mtu. "Nilimfukuza," alisema. "Nikampiga, akaapa mbele yangu kwamba hawatatoka hai. Hayo maandishi ni majina yao! Tazameni!"

Zilikuwa tarehe. Lakini mle uwanjani wenye kusoma walikuwa wachache, na hao wachache walinyamaza. Jiwe la kwanza lilimpata Silvesta sikioni. "Nogi!" mtu alipiga kelele, yaani mchawi, na uwanja mzima ukalipokea: "Nogi! Nogi!" Mwanamke mmoja, mjane wa siku moja, alimrukia akamng'ata shavuni hadi wakamvuta, naye akatoka na kipande cha shavu kinywani.

Mektilda aliingia katikati yao kwa magoti. Alikuwa mwanamke mwenye ulimi mkali, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akimwambia mumewe kwamba madaftari hayaivi chunguni. Sasa alishika miguu ya Mabula.

"Shikamoo, mtemi. Nakuomba. Huyu si mchawi, huyu ni mjinga tu. Alibahatisha. Baba Justina, waambie ulibahatisha!"

Mabula alifikiri. Tumtendee haki: hakuwa mtu wa kuua ovyo, na alikuwa anatafuta njia. Alisogea hadi uso kwa uso na Silvesta.

"Nisikilize vizuri," alisema. "Anayejua kifo kabla hakijaja ndiye aliyekileta. Ndivyo tunavyojua sisi. Lakini kama hukujua kitu, kama yalikuwa maneno ya mlevi na tope la mpumbavu, apa hapa mbele ya watu kwamba hukujua. Utatoa ng'ombe wa msiba, utahama na familia yako leo hii. Utaishi."

Mektilda alimtazama. Neno moja tu. Silvesta alifungua mdomo, na ukweli ni kwamba alikuwa tayari kulisema. Bega, meno, mgongo, shavu, vyote vilimwomba aliseme. Miaka sita ya kazi ingefutika kwa pumzi moja, na yeye angerudi Ushirombo kulima pamba na kuona mtoto wake akikua. Ilimuuma, lakini angelisema.

Kisha akaona kamba ya duara la Kamili ikitikisika, ndoo inapanda. Kulikuwa na watu chini.

"Kamili!" alipiga kelele. Kamili alikuwa amesimama kwenye umati, mikono kifuani. "Kamili, watoe watu wako! Jana jioni wembe ulipita. Mtikisiko wa jana umelegeza ukuta wa mashariki. Nina hesabu, kuta kumi na mbili zilizopata mtikisiko zilianguka zote kabla ya..."

Kiboko kilimpata mdomoni. Wachache walicheka, hata siku kama ile. "Hesabu!" mtu alisema. "Bado anatufundisha." Kamili alitema mate chini wala hakusogea.

Silvesta alitazama kamba. Tangu mtikisiko zilikuwa zimepita saa kumi na saba, na katika zile kuta kumi na mbili haukuwapo hata mmoja uliovuka saa kumi na nane. Alijua kanuni yake kuliko alivyojua jina la baba yake. Na akaelewa jambo ambalo, kama angelielewa mapema, lingemwepusha na safari ya Shinyanga na kuvunjwa bega: watu hawa hawatatoka shimoni kwa sababu ya wembe. Muhuri haukuwapo, na hautakuja. Lakini kipo kitu kimoja wanachokiogopa kuliko njaa, na walikuwa wamekwisha kumpa jina lake.

Alimtazama Mektilda. Mjane wa mchawi hapewi maji kisimani. Justina, binti yao wa miaka kumi na sita, hataposwa na mtu yeyote kuanzia hapa hadi Kahama. Hayo yote aliyaona, na bado akafungua mdomo.

"Ni kweli," alisema. Sauti yake ilitulia hata wale wa nyuma wakanyamaza ili wasikie. "Mimi ni nogi. Niliwaua wale saba. Na la Kamili nimelifunga tayari. Nimezika kucha zao na nywele zao ukuta wa mashariki. Nikivuta pumzi mara mia moja, kila aliye ndani ni wangu."

Uwanja ulirudi nyuma kama moto umewashwa katikati yake. Kisha Kamili akakimbia. Mtu mnene yule, alikimbia viatu vikamtoka, akajitupa kifudifudi kwenye mdomo wa shimo, akaanza kupiga mayowe.

"Tokeni! Tumelogwa! Tokeni, tokeni!"

Wa kwanza alichomoka kama panya anayefukuzwa na moshi. Wa pili na wa tatu walipanda kamba moja wakikanyagana vichwa. Sungusungu wenyewe walikuwa wamekwisha kumfikia Silvesta, rungu likamvunja goti, panga likashuka kwenye mkono uliofungwa, naye alikuwa akihesabu. Wanne. Watano.

Hapo ndipo Mektilda alipoinuka.

"Anasema uongo!" alipiga kelele, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko filimbi. "Msimsikilize! Hana uchawi! Ni kipimo! Nimeona kwa macho yangu, kwenye kihenge changu mwenyewe, kwenye mashimo kumi, ishirini! Mume wangu ni mtaalamu! Mnasikia? Ni mtaalamu kuliko hao wenye ofisi! Ni hesabu tu, hakuna kucha, hakuna nywele!"

Miaka sita Silvesta alikuwa akingoja mtu ayaseme maneno hayo mbele za watu. Watu wakageuka kumsikiliza Mektilda. Hata Mabula aligeuka. Pale shimoni mtu wa saba, aliyekwisha kutoa kichwa nje, alisimama akisikiliza, miguu bado iko kwenye kamba, na chini yake walikuwapo wawili. Kamili naye aliinua uso.

"Nyamaza, mwanamke!" Silvesta alinguruma, damu ikimtoka kinywani. "Wewe unajua nini? Hesabu gani? Sijawahi kupima kitu maishani mwangu! Mimi ni nogi, na baba yangu alikuwa nogi, na pumzi zimebaki kumi!"

Wa saba aliruka nje. Wa nane akamfuata akilia. Mektilda alibaki ameziba mdomo kwa mikono miwili, maana alikuwa amemwelewa mumewe, akaelewa vilevile kwamba hawezi tena kumsaidia.

Wa tisa alitoka akitambaa. Alikuwa mtu wa makamo, baba wa watoto sita. Alipata pumzi, akasimama, akatembea moja kwa moja hadi kwenye nguzo, akamtemea Silvesta mate usoni.

"Tisa," Silvesta alisema.

Mabula alikuwa ndiyo kwanza anainua panga lake wakati ardhi ilipotikisika na vumbi likapanda kutoka kwenye duara la Kamili. Watu wote tisa walikuwa juu. Walipoona hivyo, nao waliokota mawe.